Klasi ya kupika gumbo New Orleans, niende ama ni pesa za watalii tu?

UmmuShefu_Kisauni

Asalaam aleikum na habari zenu nyote. Nyinyi mliosafiri nisaidieni. Mie napika chakula cha oda huku Kisauni, biryani, pilau, mahamri na mbaazi za asubuhi, harusi ndogo ndogo, mwaka wa tisa sasa. Kakangu yuko Houston, amenitumia tiketi niende mwezi wa nne nimuone mtoto wake wa kwanza, viza nshapata alhamdulillah. Sasa wifi yangu asema New Orleans si mbali, masaa kama sita kwa gari, twende siku tatu, na ameona onlaini klasi za kupika vyakula vya huko vya Krioli na Cajun, kama hiyo gumbo, mchuzi wao mzito wa kulia wali, yaani wewe mwenyewe wavaa eproni, wakata, wakoroga, mwisho mwaketi mezani mwala mlichopika. Moyo wataka lakini roho yanisuta, bei yapita dola mia kwa mtu, hiyo kwetu ni elfu kumi na tatu na zaidi, na elfu kumi na tatu mie napikia watu ishirini na tano pilau ya kuku na kachumbari juu.

Nauliza, kwanza hii Krioli na Cajun ni kitu kimoja ama viwili? Tena mtu ashapika miaka yote hii atajifunza nini kwa masaa matatu ambacho hakiko YouTube? Na hili la mwisho ndilo kubwa, nmeangalia menyu karibu kila sufuria ina soseji ya nguruwe. Ntakula nini, ama ntasimama tu pale nimeshika mwiko kama niko kwenye picha ya harusi? Mwaonaje?

Baharia_Likoni

Waaleikum salaam. Nenda dada. Meli yetu ilifunga huko mara mbili tukipakia nafaka, ule mto Mississippi usione kwa ramani, una majahazi ya chuma yafuatana utadhani treni. Mji wenyewe mtu wa Mombasa hapotei, joto lile lile, jasho lile lile, na ule mtaa wa zamani waitwao French Quarter una roshani za chuma zimetokeza juu ya barabara, nlisimama nkajiona niko Mji wa Kale nangoja kahawa tungu.

Krioli na Cajun si kitu kimoja, na ukiwachanganya mbele yao wanakukata jicho. Krioli ni upishi wa mjini, New Orleans yenyewe, Mfaransa alianzisha mji 1718, akaja Mspaniola akatawala, na jikoni walikuwa Waafrika waliopelekwa utumwani na watoto wao, hao ndio walioshika miko. Kwa hivyo siagi iko, nyanya iko, mchuzi wa mapochopocho. Cajun ni watu wa mashambani, asili yao walikuwa Wafaransa wa Kanada, mahali paitwapo Acadie, Waingereza wakaanza kuwafukuza 1755, wengine wakaishia kwenye mabwawa ya Louisiana, jimbo lenye huo mji wa New Orleans. Neno Cajun lenyewe ni Acadien lililochakaa mdomoni. Upishi wao ni sufuria moja, unachovua na unachowinda ndicho unachopika. Njia rahisi ya kukumbuka ni hii, jambalaya, wali wao wa sufuria moja kama pilau, ikiwa nyekundu ya nyanya ni ya mjini, ikiwa ya kahawia bila nyanya ni ya Cajun. Wapo watakaobisha lakini hiyo itakufikisha.

Kijana_wa_Tudor

Dola mia kukoroga unga wa ngano na mafuta 😂 njoo kwa nyanyangu Tudor atakukorogesha bure na matusi juu

MwanaKibokoni

Huyo wa Tudor achana naye, mie nshaenda nikwambie yaliyonipata ili wewe yasikupate.

Kwanza kabisa jua kuna klasi za aina mbili na watu wengi hawasomi. Kuna ya kutazama, mpishi yuko mbele na kioo juu ya jiko, nyinyi mko kwenye viti kama watu wa sinema, yeye apika huku awachekesha, mwisho mwapewa sahani. Na kuna ya kushika mwenyewe, watu wachache, kila kundi na jiko lake. Mie mwaka ule nlilipa mahali fulani, jina silitaji, nkaona picha watu wako na eproni nkajua hiyo ndio. Kufika nkapewa kiti cha safu ya nne na pipa la maua mbele yangu. Masaa mawili. Chakula kilikuwa kitamu sikatai, na yule mpishi alikuwa na maneno mpaka nkasahau hasira, lakini mkono wangu haukugusa hata kitunguu. Kurudi nkasoma vizuri risiti, kweli waliandika, tena maandishi ya chungu sisimizi. Kwa hivyo kabla ya kulipa piga simu uliza kwa Kiingereza cha wazi, hiyo sufuria nakoroga mimi ama nakutazama wewe? Siku ya pili nkalipa nyingine, ghali zaidi bila shaka, na hiyo ndio nlipojua kwa nini watu wasema YouTube haitoshi.

Sababu ni kitu kimoja, roux, tamka ruu. Ni mafuta na unga wa ngano kwa kipimo sawa, wakoroga kwenye moto. Basi. Lakini gumbo yote imesimama hapo. Mwanzo ni nyeupe kama uji wa mgonjwa na yanuka unga mbichi. Baadaye yawa rangi ya mchanga wa Nyali, harufu yageuka kama korosho zachomwa jirani. Wakoroga. Yawa rangi ya njugu zilosagwa. Wakoroga, mkono washaanza kuuma, kimya kimya yawa rangi ya shaba, kisha chokoleti, na hapo harufu ni kama kahawa lakini si kahawa. Kwa moto wa kiasi ni nusu saa mpaka dakika arubaini na tano na huwezi kwenda popote. Yangu ilipofika rangi ya shaba nkatoa simu nipige picha nimtumie dadangu, sekunde kumi wallahi hazikufika kumi na tano, kuangalia hivi vidoti vyeusi. Mwalimu akaja akachungulia akasema kwa upole hiyo ishakufa mwaga. Nkamwambia si ntaongeza viungo itafunika? Akacheka. Kikishaungua huo uchungu hautoki, utautia kamba utautia kaa utabaki palepale. Nkaanza upya na wenzangu wa jiko moja waniangalia, Mmarekani mmoja mzee alikuwa na njaa sana.

Na jengine hili wewe mpishi litakufaa, roux ikizidi kuiva ladha yazidi lakini nguvu yake ya kufanya mchuzi mzito yapungua. Kwa hivyo ya chokoleti wahitaji nyingi kuliko ile ya rangi ya mchanga. Hiyo hakuna video iliniambia, ama iliniambia nkapita.

Ikifika, watupa mboga tatu kwa pamoja, vitunguu maji, seleri na pilipili boga, huko waziita utatu mtakatifu, nsameheni ndivyo waitavyo. Zile mboga ndizo zinazopoza roux isiendelee kuungua. Sauti yake ni chwaaa na moshi wa utamu wakupiga usoni. Jitenge kidogo wakati huo, yale mafuta yashika ngozi kama gundi, si kama mafuta ya bajia yarukayo yakaanguka.

UmmuShefu_Kisauni

Shukran sana MwanaKibokoni umenichekesha na pipa la maua. Sasa hii roux mbona naisikia kama kukaanga vitunguu vya pilau mpaka viwe vyeusi vyeusi bila kuungua? Rangi ndio kila kitu na ukitazama pembeni umekwisha.

MwanaKibokoni

Ndio lakini kitunguu chakupa onyo, kwanza pembeni pageuka. Roux hainyi onyo.

Kijana_wa_Tudor

"hainyi" 😂😂😂

MwanaKibokoni

HAITOI. Simu hii mungu anisaidie.

Bint_Halwa

Mie nmekulia nyumba ya kupika halwa, babu na ammi zangu wote, na hivyo mwaeleza ndio vile vile. Wanga na sukari na samli kwenye karai, mwiko mrefu kama kafi, na hakuna kusimama. Babu akitaka kukohoa alikuwa akimpa mtu mwiko kwanza ndio akohoe. Dada wa Kisauni kama ushawahi kukoroga halwa ama hata bokoboko ya watu mia wewe mkono unao, hiyo klasi utawafunika Wazungu.

Lakini nataka kusema kuhusu jina. Gumbo. Wanaofuatilia maneno wasema latoka Angola, lugha za Kibantu, ki-ngombo maana yake mabenda. Tazama hiyo *ki* ya mbele, si ngeni kwetu. Watu wakavushwa bahari na minyororo, na mabenda yakavuka, na jina likavuka. Nlipojua hivyo sikuiona tena ile kama chakula cha Wamarekani.

Abuu_Sahil

Kuhusu halali, mie niliishi Baton Rouge, huko huko Louisiana, miaka miwili na nusu nikisoma, nikueleze bila kuzungusha.

Andouille, ile soseji yao ya moshi, ni nguruwe. Tasso, nyama yao ya moshi, ni nguruwe. Maharagwe mekundu na wali, ambayo kwa desturi ni chakula cha Jumatatu kwa sababu zamani ilikuwa siku ya kufua na sufuria yajipikia yenyewe, yale yatiwa mfupa wa nguruwe uliobaki Jumapili, kwa hivyo usidanganywe na kuona ni maharagwe. Hata roux wengine watumia mafuta ya nguruwe, uliza. Sosi zingine zina mvinyo. Na ile bananas Foster, ilibuniwa mkahawa wa Brennan's 1951, ndizi zapikwa na siagi na sukari kisha yamwagwa ramu na kuwashwa moto mbele ya watu. Usisikize yule atakayekwambia moto wamaliza pombe yote.

Lakini usivunjike moyo. Gumbo ya vitu vya baharini, kamba, kaa, chaza, bila soseji kabisa, ni chakula kamili na wenyewe waipika hivyo. Soseji ya kuku ama ya bata mzinga ipo madukani, muhimu uandike mapema wakati wa kubuki, si siku ile umesimama na eproni, maanake wao washapima na kukata kila kitu asubuhi. Mie nilikuwa nasema sili nguruwe na pombe kwa ajili ya dini, sentensi moja, na sikuwahi kuona mtu akikunja uso. Kuku mwenyewe kama hujui amechinjwa vipi baki na vya baharini umalize maneno.

Na mwezi wa nne umepata bahati, ndio msimu wa crawfish, hao kamba wa maji baridi wenye maganda magumu kama kamba mti wadogo. Wachemshwa gunia zima na mahindi na viazi na pilipili wanamwagwa mezani juu ya gazeti. Kama wawala ama huwali muulize shehe wako, mie si shehe.

Fundi_Fridge_254

Hao crawfish si wageni hapa Kenya!! Nimefanya kazi Naivasha miaka, hao hao wa Louisiana waliletwa ziwa Naivasha 1970, wako mpaka leo, wavuvi wanawatoa na nyavu. Kwa hivyo dada ukirudi na resipi usiulize utapata wapi, panda SGR hadi Nairobi uendelee na matatu.

UmmuShefu_Kisauni

Naivasha!! Na mie najua waridi tu.

Abuu Sahil Mungu akulipe, hilo la kuandika mapema sikulifikiria. Na kitu cha pilipili jamani, wasema chakula chao ni kikali, kweli?

Abuu_Sahil

Kikali kwa nani. Ile sosi yao ya Tabasco yatengenezwa huko huko Louisiana, kisiwa cha Avery, tangu 1868, na wajivunia sana, lakini wewe uliyezoea pilipili ya kukamulia ndimu utaiona ni siki yenye wazo la pilipili. Chakula chao si moto wa mdomo, ni ladha ndefu, yabaki kooni. Utakachokosa ni nazi. Mie mwezi wa tatu nlikuwa naota tui.

Baharia_Likoni

Na usisahau beignet, tamka benye, ni mahamri yasiyo na iliki, ya mraba, yamwagiwa sukari ya unga mpaka hayaonekani. Café du Monde wauza tangu 1862 na kahawa iliyochanganywa na chikori. ANGALIZO kwa kina dada, usivae buibui jeusi siku hiyo. Na ukiwa watafuna usicheke.

Kijana_wa_Tudor

sawa hapo kwa mahamri mumenipata, nani ananipeleka

UmmuShefu_Kisauni

Nimerudi jamani, wiki ya pili sasa, nlisema ntaleta ripoti.

Nlipiga simu, nkauliza kama MwanaKibokoni alivyonifundisha, mwiko utakuwa mkononi mwangu? Yule dada wa simu akacheka akasema wewe tu na mwiko wako. Nkaandika sili nguruwe wala pombe, wakanijibu siku hiyo hiyo. Tulikuwa watu kumi, majiko matatu, mie na wifi tukapangwa na mke na mume wa Ohio ambao hawajui kukata kitunguu, kila wakikata wakipeleka kisu huku wamefumba macho. Sufuria letu likawa la vya baharini na mafuta ya mboga, la pili lao na soseji yao, miko haikuchanganywa, nlikuwa nachunga kama paka.

Roux nlishika mie. Mume wa Ohio alitaka kunipokea mkono mara mbili nkamwambia asante. Ilipofika rangi ya shaba mwalimu, mama mtu mzima mweusi mwenye sauti ya chini, akapita akasema yatosha kwa wanaoanza. Nkamwambia niache kidogo. Akasimama nyuma yangu. Hatukuongea, yeye anusa na mie nanusa, kisha akasema *now* na mie wakati huo huo nshachukua sinia la mboga. Chwaaa. Akanigonga bega akaenda zake. Hiyo dola mia na kitu mie sijutii hata senti, nlilipia zile dakika tano.

Kitu kilichonigusa zaidi ni supu. Mie miaka tisa kamba namenya, vichwa na maganda natupia paka wa mtaa. Wao wavikaanga kidogo kwenye mafuta, watia maji na majani ya seleri, yachemka, yachujwa, na ile ndio wanayotia kwenye gumbo badala ya maji. Nlionja kijiko kitupu nkaona haya kwa kamba wote nliowapika. Na mabenda wayakaanga kando kwanza mpaka ule ute ukatike, ndio yaingie sufuriani. Kuna wengine hawatii mabenda, watia unga wa majani ya mti wa sassafras waita filé, ni elimu ya wenyeji wa asili, Wachoctaw, na huo watiwa mwisho moto umezimwa, ukiuchemsha wavutika kama gundi. Nmekuja na kichupa kimoja.

Kisichonipendeza nkiseme pia. Walituwekea kila kitu kimekatwa nusu, kwa hivyo kama hujui kabisa kupika utatoka umekoroga lakini hujajua kuandaa. Jambalaya wali ulipondeka, wangenipa mie ule wali. Na ile peremende yao ya praline, sukari na maziwa na njugu ziitwazo pecan, watu wote wakapiga kelele ya raha, mie na wifi tukaangaliana, ni kashata isiyo na nazi.

Buibui langu Baharia nlikusikia nkavaa la kijivu. Halikusaidia.

Jumapili nkaipika hapa nyumbani. Seleri nliipata Marikiti, shina moja jembamba bei ya kuku, kamba wa kina mama wa feri, kaa wawili, mabenda ya shamba. Roux nkakoroga dakika arubaini kwenye jiko la gesi, moto mdogo, watoto wamefungiwa nje. Ikatoka. Nkampakulia mamangu na wali mweupe. Akatia mdomoni, akanyamaza. Akatia tena. Akaniuliza taratibu kama mtu asiyetaka kuniumiza, "Mwanangu, kwani nazi zimeadimika?"

MwanaKibokoni

😂😂😂 Allah! Lakini alimaliza sahani?

UmmuShefu_Kisauni

Akaongeza. Kisha akasema mabenda yameungua kidogo lakini yalika.

Kijana_wa_Tudor

weka bei basi, mie na nyanya twataka sahani mbili Ijumaa, yake bila kaa ana pumu